Palipopita Maiti

Jumatatu, 5 Novemba

Leo Bwana Hallett amefunga geti la Malisho Marefu. Mnyororo mnene, kufuli jipya, na seng'enge juu ya kipandio cha pembeni cha kuvukia ua. Nilifika pale na kigari cha mtoto, Pearl wetu mchanga ndani, kaka yake Clive kaning'inia ubavuni, tunakwenda dukani Aldercombe kuchukua sukari yetu ya mgao. Nikasimama kama mjinga mbele ya geti nililolipita tangu niolewe.

Tumerudi bila sukari. Clive amelia njia nzima, na mvua nayo.

Jumanne, 6 Novemba

Nimemsubiri mume wangu Reg amalize kukamua. Alipokaa mezani nikamuuliza.

"Watu wa halmashauri watakuja mwezi wa tatu," akasema, "watembee njia zote za miguu wazichore kwenye ramani. Watakayoikuta inapitwa, itakuwa ya watu daima. Watakayoikuta imekufa, imekufa."

"Kwa hiyo yeye anaiua."

"Mimi sikusema hivyo."

"Wewe husemi kitu chochote, Reg."

"Olive, hili paa ni la nani?"

Nyumba ni ya shamba la Hallett. Kazi ya Reg ikiisha leo, na nyumba imeisha leo. Ndivyo ilivyo kwa wakamuaji wote wa huku, wala si jambo la kuandika. Lakini naandika kwa sababu hakuna wa kumwambia.

"Pita barabarani," akasema Reg.

Barabara inashuka kwenye kijito kisicho na daraja. Kiangazi maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Tangu sasa mpaka Aprili yanafika kwenye tumbo la farasi. Nipite na kigari?

Ijumaa, 9 Novemba

Mvua.

Jumapili, 11 Novemba

Bibi Pargeter wa nyumba ya pili anagonga ukuta kwa chuma cha kuchochea moto kila Pearl anapolia. "Unamwogesha huyo mtoto au unamkaanga?" Nyumba zetu zinashikana ukuta, tena hakuna nyingine bonde zima. Ana miaka themanini na kitu, na mdomo wa miaka ishirini. Namwona Reg akirudi nyuma hatua mbili akikutana naye. Mimi namkwepa pia, isipokuwa hapa hakuna pa kukwepea.

Jumatano, 14 Novemba

Sasa kuna fahali ndani ya Malisho Marefu. Na kibao: HATARI, FAHALI. Reg ndiye aliyetumwa kukipigilia. Sikumpa chai mpaka alipoomba.

Jumamosi, 17 Novemba

Jua kidogo. Bibi Pargeter amekuja mlangoni na fimbo. "Vaeni viatu. Mtoto wa kiume ana rangi ya mshumaa. Anahitaji upepo."

Sikutaka, nikaenda. Tumezunguka bonde letu tu, hakuna kwingine. Akanionyesha vilima vidogo kwenye majani, nilivyodhani ni vya sungura. Kumbe ni nyumba. Kulikuwa na nyumba kumi na mbili hapa, na kinu cha kusaga, na msichana aliyekuwa akifuga bata bukini mia. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake, hata zikabaki mbili.

"Na wote waliokufa walipita pale," akasema, akanyoosha fimbo kwenye Malisho Marefu. "Bonde hili halikuwa na ruhusa ya kuzika. Maiti lazima wapelekwe kanisa la parokia kule Aldercombe. Ndiyo maana inaitwa Njia ya Maiti. Katikati kuna jiwe bapa, la kutua mzigo. Nimempitisha mama yangu, nimempitisha mume wangu. Hallett anaweza kufunga mnyororo mpaka shingoni kwake. Palipopita maiti ni pa watu wote mpaka kiyama. Kila mtu anajua."

"Basi kama kila mtu anajua, kwa nini anafunga?"

"Kwa sababu kila mtu anasahau, mwanangu. Hakuna maiti aliyepita tangu mume wangu. Sasa wote mnakufia hospitali."

Alisema kama anatulaumu kwa uvivu.

Jumapili, 25 Novemba

Kengele za kanisa zinasikika hapa vizuri kabisa. Hiyo ndiyo adhabu.

Alhamisi, 6 Desemba

Siku ya kupima watoto kijijini. Nimempima Pearl kwa mizani ya unga. Ameongezeka, nadhani, au alikuwa anachezacheza.

Jumatano, 12 Desemba

Mvua. Nepi zimetundikwa mpaka kwenye picha ya harusi.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Reg kaleta sungura. Bibi Pargeter amekula nasi, akamwimbia Clive wimbo usiofaa kuhusu askofu. Clive ameushika wote.

Jumanne, 8 Januari

Sijamwona mtu mwingine tangu mwaka uanze, ila Reg, watoto, Bibi Pargeter na fahali. Nimeanza kumjua fahali. Saa ya chai ya saa nne anakuja kusimama getini, natazama pua yake kutoka dirishani. Naye amefungiwa. Lakini yeye hana nepi za kufua.

Nampenda Reg. Naandika hivyo kwa sababu leo nilikuwa namtazama akivua viatu vya matope, nikawa natafuta mahali pa kumchukia, na karibu nipapate.

Jumamosi, 19 Januari

Sasa nina nguvu ya kuandika yaliyotokea Jumatano.

Pearl aliamka akikohoa kama mbwa anayebweka. Kufika saa nne alikuwa anavuta hewa kama mtu anayepandisha ndoo kisimani, midomo imegeuka bluu. Reg na Hallett walikuwa shamba la mbali, wanatoa kondoo kwenye maji. Kijito kilikuwa kimepanda mpaka kwenye nguzo za ua. Nikamfunga Pearl kifuani kwa shali nikakimbilia getini. Fahali akaja. Nikashika seng'enge kwa mkono, nikamtazama, akanitazama. Nina mtoto mmoja kifuani na mwingine nyumbani peke yake na moto. Sikuweza kwenda mbele, sikuweza kurudi. Sijawahi kusimama mahali padogo kama pale.

Bibi Pargeter akatokea nyuma yangu, kavaa koti la marehemu mumewe.

"Rudi ndani. Chemsha birika, mshikie mvuke, mfunike shuka."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kumwita muuguzi. Nishikie fimbo."

"Bibi, fahali!"

"Huyu? Nimemjua tangu ndama. Mama yake alikuwa na akili zaidi." Akatandika koti la mumewe juu ya seng'enge, akaupandisha mguu wake mkavu kama kuni, akapita. Mzee wa miaka themanini. Nikampa fimbo upande wa pili. Akampiga fahali puani nayo, si kwa nguvu, kama unavyobisha hodi, akaenda zake mvuani bila koti, maana koti lilikuwa limenasa.

Muuguzi alifika mchana, sketi imefungwa kiunoni, anatukana kwa lugha ya jeshi. Akasema mvuke ndio uliomvusha Pearl. Pearl sasa anapumua vizuri, analala hapa karibu na mguu wangu.

Bibi Pargeter alirudi naye ameloa, na hajainuka kitandani tangu siku ile. Nilikuwa nimeandika humu kwamba namkwepa.

Jumatatu, 21 Januari

Hallett amemwambia Reg: "Mkeo na yule kikongwe wakivuka tena, wewe tafuta ng'ombe wengine wa kukamua." Reg amenieleza akitazama sakafu. Nikamuuliza, "Ulimwambia binti yako alikuwa anakufa?" Akasema, "Nilimwambia." Halafu akasema, "Akasema pole."

Jumatano, 6 Februari

Mfalme amefariki. Redio haipigi muziki. Ng'ombe wamekamuliwa kama kawaida.

Nimempelekea Bibi Pargeter supu na habari. Kifua chake kinalia kama mlango. "Yeye watambeba kwa gwaride," akasema. "Mimi nataka watu sita na matope. Olive. Usiache wanipitishe barabarani juu ya tela kama viazi. Nipitishe Njia ya Maiti. Niahidi."

"Bibi, mimi ni nani wa kuahidi? Geti si langu, nyumba si yangu."

"Miguu ni ya nani?"

Nikamwahidi.

Jumanne, 12 Februari

Amekwenda alfajiri, nikiwa nimemshika mkono. Mkono ulikuwa mwepesi kama glavu. Nimempangusa uso, nimefungua dirisha roho itoke, kama wanavyofanya hapa. Fahali alikuwa getini.

Alhamisi, 14 Februari

Gudge seremala, ndiye atuchongeaye majeneza, kavuka kijito amesimama juu ya trekta. Anasema gari la maiti halipiti maji haya. Kabla sijafungua mdomo, Bwana Hallett mwenyewe akaingia jikoni kwangu, kofia mkononi. Hajawahi kuingia hapa.

"Tela langu lipo," akasema. "Nitalisafisha, nitalitandika majani makavu. Trekta langu, mafuta yangu. Apitishwe barabarani kwa heshima. Jumamosi."

Gudge akasema hilo ni jambo jema. Nami nikasema, "Bibi aliomba apitishwe Njia ya Maiti."

Hallett hakukasirika, nami ningependa angekasirika. Alimwomba Gudge aende kuangalia injini. Kisha akakaa kwenye kiti cha Reg, akamtazama Clive, akazitazama nepi.

"Mama Tranter, najua hapa ni pabaya kwa mwanamke mwenye watoto. Ile nyumba ya fundi viatu kijijini ni yangu, na imekuwa tupu tangu sikukuu ya Michaelmas, Septemba. Bomba la maji mlangoni. Duka ng'ambo ya barabara. Reg anaweza kuja kazini kwa baiskeli. Ningeweza kuwapa mwezi ujao."

"Kama nini?"

"Kama kikongwe atapita barabarani."

Nitaandika ukweli. Niliiona nyumba ile yote. Nilimwona Clive akitumwa mkate na kurudi nao. Nilijiona nimesimama mlangoni na mwanamke mwenzangu, tunasengenya, mikono ndani ya aproni. Mate yalinijaa kinywani kana kwamba ni chakula.

"Bwana Hallett, maiti hajui amepita wapi."

"Ndiyo nasema! Hajui!"

"Basi kwa nini wewe inakuuma?"

Akasimama. Masikio yake yalikuwa mekundu. Ndipo nikaelewa kuwa mtu huyu mwenye ekari zote hizi, anayemcheka Kasisi waziwazi, analiamini neno la Bibi Pargeter kuliko alivyoliamini Bibi Pargeter mwenyewe. Jeneza likipita, malisho yake yamepotea. Anajua hivyo kama anavyojua kuwa maji yanashuka.

"Nimeahidi," nikamwambia. "Ningekuwa sijaahidi, Mungu anisamehe, ningekubali."

"Basi muulize mumeo kama naye ameahidi," akasema, akavaa kofia humu humu ndani.

Nilimwambia Reg kila kitu, na nyumba ya fundi viatu. Reg alikula viazi vyake. Akafuta sahani kwa mkate. Akatoka kwenda kwa ng'ombe. Niliwaogesha watoto, nikawalaza.

Ijumaa, 15 Februari

Kasisi Lovell amekuja, amebebwa na trekta la Gudge, kashika kitabu cha ibada juu ya kichwa. Nimemuuliza moja kwa moja kama ni sheria kwamba palipopita maiti ni pa wote.

"Hapana, Mama Tranter. Haijawahi kuwa sheria popote Uingereza. Ni dhana ya watu, ya zamani sana. Jeneza halifungui kitu."

Nikakaa chini. "Bwana Hallett amekuuliza?"

"Hajaniuliza."

"Akikuuliza?"

"Nitamwambia ukweli."

"Na asipokuuliza?"

Kasisi akatazama viatu vyake, vilivyokuwa vimejaa maji. "Hallett hajaniuliza swali tangu nifike parokia hii," akasema. "Kuna chai?"

Nikampa chai na sukari yetu yote.

Jumamosi, 16 Februari

Asubuhi, kabla ya kukamua, Reg alitoka bila kusema. Aliporudi mikono yake ilikuwa na kutu. Akasema, "Fahali yuko bandani. Ana kwato mbovu, lazima apumzike."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Nikaenda dirishani. Kufuli lilikuwa limefungwa. Mnyororo ulikuwa umefungwa. Geti lenyewe lilikuwa limelala chini kwenye majani: amelinyanyua kutoka kwenye bawaba, upande wa pili, wala hajagusa kufuli la mtu. Seng'enge ilikuwa imekunjwa vizuri kama kamba ya nguo.

"Aliniambia nisifungue," akasema Reg. "Sikufungua."

Nilimbusu kwenye kutu. Nilikuwa nimekaa na mtu huyu miaka minne nikimhesabia ukimya wake kuwa woga.

Wapiga kengele wanne wa kanisa walikuja kwa miguu kupitia malisho, pamoja na Gudge. Reg akawa wa sita. Jeneza lilitoka mlangoni kwa shida, maana milango yetu ilijengwa kwa watu wa kuingia tu. Halafu mimi, Pearl kwenye kigari, Clive kashika ubavu wake. Kasisi mbele. Hakukuwa na mvua. Matope yalikuwa ya kutosha, kama alivyotaka.

Bwana Hallett alikuwa amesimama katikati ya malisho, karibu na lile jiwe bapa. Peke yake, na mbwa wake. Niliona mabega ya Reg yakikazana chini ya jeneza. Nikafikiri: sasa atasema. Tulimkaribia, tukamkaribia zaidi. Hakuna mtu wa huku anayeweza kusimama mbele ya jeneza. Hata yeye hawezi, ni kama kusimama mbele ya mama yako. Akasogea pembeni. Akavua kofia.

"Tueni," akasema Gudge, na wale sita wakatua mzigo juu ya jiwe, kama ilivyofanywa zamani, wakabadilishana mabega. Walikuwa wanahema. Hallett alikuwa karibu nami kiasi cha kunusa tumbaku yake.

"Unajua ulichofanya," akaniambia polepole.

"Ndiyo, Bwana Hallett."

"Baba yangu aliilinda ardhi hii. Na babu yangu."

Macho yake yalikuwa na maji. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee aliyekuwa anaibiwa mbele ya watu, na kofia imevuliwa. Nilimwonea huruma. Lakini kigari nilikisukuma. Kasisi aliyatazama mawingu.

Clive akaanza kuimba ule wimbo wa askofu. Nikamwacha amalize.

Wanawake wa kijiji walikuwa wamejipanga upande wa pili, na mmoja akauliza, "Olive! Ulikuwa wapi miezi hii yote?" Nikalia pale, na wao wakadhani namlilia Bibi Pargeter. Naye pia nilimlilia.

Jumatatu, 18 Februari

Hallett amempa Reg notisi. Tuwe tumetoka tarehe ishirini na tano Machi, Sikukuu ya Maria, kama wakamuaji wote wanavyohamishwa tangu dunia iumbwe. Geti limerudishwa kwenye bawaba. Kufuli halipo.

Reg alipoleta habari nilisema, "Nimekuponza." Akasema, "Nani alinyanyua geti?"

Jumatano, 27 Februari

Dukani. Kliniki. Dukani tena, bila sababu. Nimerudi nikiimba.

Jumatano, 12 Machi

Watu wa halmashauri wamekuja, wawili, na buti na ramani. Kijiji kizima kimetembea nao, na Kasisi, na Hallett akiwa nyuma kama mtu anayefuata mazishi yake. Pale getini yule mrefu akauliza, "Na hii je, Bwana Hallett? Unaipinga?"

Tulimgeukia wote. Hata Clive.

"Nipinge nini?" Hallett akasema. "Maiti amepita hapa mwezi uliopita, mbele ya macho ya kila mtu. Imekwisha. Choreni."

Yule mfupi akafungua mdomo, mtu wa mjini, msomi, nikaona anataka kuieleza sheria. Akamtazama Kasisi. Kasisi alikuwa anachunguza ndege juu ya mti kwa uangalifu mkubwa. Yule mfupi akafunga mdomo, akatoa penseli.

Mstari wenyewe ni mdogo kama uzi. Nilidhani utakuwa mkubwa zaidi.

Jumatano, 19 Machi

Reg kapata ng'ombe wengine, parokia ya tatu kutoka hapa. Nyumba nayo ni ya shamba. Sijui kama ina njia. Nimemuuliza, naye amesema hakufikiria kuangalia. Nimecheka mpaka nikakaa.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nyumba mpya, nimekaa juu ya sanduku la vyombo. Vitu vilipita barabarani juu ya mkokoteni wa Gudge, maana kijito kimeshuka. Mimi nilikataa kupanda. Nilisema nitatoka kwa miguu na watoto, tutakutana na Reg kanisani.

Kabla hatujaondoka, mkamuaji mpya alishuka na mkewe. Msichana, anaitwa Ivy Bunce, hajafika miaka ishirini, mtoto mchanga ndani ya koti lake. Alisimama jikoni kwangu katikati ya masanduku yake, akatazama dirisha, malisho, miti isiyo na majani, moshi wa Aldercombe mbali kule. Niliijua ile sura. Nimeivaa majira yote ya baridi.

"Dada," akasema, "hapa mtu anatokaje?"

Nikamwambia aje nimwonyeshe.

Tukapita kwenye vilima vya nyumba za zamani. Nikamwambia habari za bata bukini mia, na kinu, na Bibi Pargeter. Nikamwambia fahali anapigwa puani polepole, kama unabisha hodi, na ipo fimbo ya kazi hiyo, nimemwachia nyuma ya mlango. Tulipofika getini akasita, akatazama nyumba ya Hallett juu kilimani.

"Linafungwa?"

"Halifungwi. Akikuambia linafungwa, mwambie maiti amepita hapa."

"Hiyo ndiyo sheria?"

Nikamtazama mtoto wake, na koti lake lisilofungika vifungo.

"Huku kwetu, ndiyo," nikasema.

Akalisukuma geti kwa nyonga, akalishikilia wazi, mpaka kigari changu kikapita.